Maji na Shule katika Pande Mbili za Mnazi Mmoja

Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadre na walimu waliotutangulia, na za Wakristo waliobatizwa mwaka hata mwaka. Hayo yameandikwa katika vitabu vya parokia, na mwenye kuyatafuta hayakosi. Lakini yako mambo mawili ya mji wetu wa Dar es Salaam ambayo hayamo katika vitabu hivyo, nayo yaliigusa kila nyumba ya Kariakoo na Ilala, siku ya kazi na siku ya sikukuu: maji ya kunywa na shule ya mtoto. Watu hudhani kwamba hayo ni mambo mbalimbali, moja la mafundi wa mabomba na jingine la walimu. Sisi twaona kwamba yalikatwa kwa mkasi mmoja, na mkasi huo ni ramani ya mji.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, jina lake Mzizima. Mwaka wa 1862 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, akaanza kujenga mji wake kando ya bandari hii. Akafa mwaka wa 1870, na mji haujakamilika. Wadachi, ndio Wajerumani, walifika mwaka wa 1887, na mwaka wa 1891 wakaufanya kuwa makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo. Watu wa siku hizo, wakubwa kwa wadogo, walikunywa maji ya visima. Ardhi ya hapa ni mchanga, na maji hayako mbali. Mtu akichimba siku chache huyapata. Lakini mchanga huo huo hupitisha uchafu wa choo kama upitishavyo maji ya mvua, na katika ua mdogo kisima na choo haviwezi kuachana sana.

Wadachi walisumbuliwa mno na homa. Daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alikaa hapa miaka ya 1897 na 1898 akichunguza malaria. Elimu ile ilikuwa ya kweli, nayo imeokoa roho nyingi. Walakini wakubwa wa serikali waliichukua wakaifanya hoja ya kuwatenga watu, kana kwamba mbu hawezi kuruka kutoka mtaa mmoja hata mtaa wa pili. Amri ya ujenzi ya mwaka wa 1891 ilikuwa imekwisha kuanza kuugawanya mji kwa aina za nyumba: karibu na bahari nyumba za namna ya Kizungu tu, na nyumba za udongo na makuti ziwe mbali. Hata karibu na vita vya mwaka wa 1914, serikali ikanunua shamba kubwa upande wa magharibi, ikapima humo mitaa iliyonyoka kama mistari ya daftari, ili Waafrika wahamie huko. Banda la soko likaanza kujengwa katikati. Ndipo vita vikaja.

Waingereza waliingia mjini tarehe 4 Septemba 1916. Mahali pa soko pakawa kambi ya wachukuzi wa vita, wale walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nao wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Afrika ya Mashariki walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Soko likafunguliwa mwaka wa 1923, na jina la kambi likabaki.

Mwaka wa 1924 Waingereza waliyathibitisha yale waliyoyakuta, wakaugawanya mji katika sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu, nayo ikaitwa Uzunguni. Ya pili ilikuwa ya maduka na nyumba imara, nayo ikaitwa Uhindini. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za Waafrika, yaani Kariakoo, na baadaye Ilala. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu pakaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Msomaji atazame vizuri jinsi jambo hili lilivyofanywa. Amri zilizungumza habari za nyumba, za kuta na mapaa, wala hazikusema kwa maneno wazi kwamba mtu mweusi asikae hapa. Lakini mshahara wa karani au mpagazi wa Kiafrika haukuweza kujenga nyumba iliyotakiwa Uzunguni, na kila mtu alijua hivyo. Watoto wanaocheza mpira Mnazi Mmoja hawajui kwamba uwanja ule haukuachwa kwa ajili ya mpira.

Basi ramani ikiisha kuchorwa, maji yalifuata ramani. Palipokuwa na nyumba kubwa, bomba liliingia hata jikoni na bafuni. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja bomba lilisimama njiani, nalo liliitwa mfereji, na watu waliliendea. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kodi: alipaye zaidi na apate zaidi. Hoja hiyo yasikika kuwa ya haki mpaka mtu aulize ni nani aliyepanga mishahara.

Nyumba ya Kariakoo mwaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Mara nyingi kila chumba kilikuwa na wapangaji wake, hivi kwamba ua mmoja ulihudumia jamaa tano au sita. Maji ya kisima cha uani yalifaa kufulia na kuogea, na mengine yalikuwa na chumvi. Ya kunywa yalitekwa mferejini, au yalinunuliwa kwa mbeba mzega aliyepita akinadi. Mzega ni mti uliolazwa begani, debe huku na debe huku. Debe ni lile kopo la mafuta ya taa la galoni 4, karibu lita 18, basi mwenye mzega alichukua kilo 36 za maji, mbali na uzito wa makopo na mti. Debe lile lile ndilo lililopima mahindi na maharage sokoni, nalo lapima mpaka leo. Kwa mama wa nyumba, bei ya debe la maji na bei ya debe la mahindi zilitoka katika mfuko mmoja, tena mdogo.

Na mtoto je? Muulize mzee wa Kariakoo aliyesoma kabla ya uhuru akueleze habari za shule, naye huenda akaanza na debe. Kabla ya kengele palikuwa na mfereji. Kabla ya mfereji kufunguliwa palikuwa na safu ya makopo yaliyopangwa usiku, kila kopo na alama ya mwenyewe. Wasichana ndio waliopewa kazi hii zaidi. Aliyechelewa mferejini alichelewa darasani, na aliyechelewa darasani alipigwa fimbo. Mwalimu aliyeandika katika daftari lake neno la uvivu hakuwa na nafasi ya kuandika sababu. Sisi walimu na tulikumbuke hilo tusomapo madaftari ya zamani, maana hesabu za wanaohudhuria zatuambia ni nani aliyekuja, wala hazituambii alitoka wapi asubuhi hiyo.

Sasa tuje kwenye shule zenyewe. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita katika nchi hii, na pamoja nao alikuwamo Dkt. Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana, Mwafrika mwenye elimu kubwa ambaye kuonekana kwake kati ya wakubwa kuliwatia Waafrika wengi moyo. Oktoba 1925 serikali na misheni walikutana Dar es Salaam wakapatana kushirikiana katika elimu, na mwaka wa 1927 ikatoka sheria ya elimu ya Waafrika, na msaada wa fedha kwa shule za misheni zilizokubaliwa. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Shule nyingi za vijijini zisingalisimama bila msaada ule, na twaishukuru. Lakini neema hiyo ilikuja ndani ya mpango uliowagawanya watoto mafungu matatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Kila fungu lilikuwa na hesabu yake ya fedha, mafundisho yake, lugha yake, na mitihani yake. Mtoto wa damu mbili, au mtoto wa Kiarabu aliyezaliwa Gerezani, aliwatia makarani mashaka, maana hawakujua kisanduku cha kumwekea.

Watu wasifikiri kwamba upande wa pili wa Mnazi Mmoja wote ulikuwa wa raha. Wahindi wengi walikuwa maskini, wakikaa watu wengi katika chumba kimoja nyuma ya duka, na shule zao nyingi zilijengwa kwa fedha za jamaa zao wenyewe. Shule ya wavulana ya Aga Khan, ambayo leo yaitwa Tambaza, ilikuwa ya namna hiyo. Azania ilikuwa shule ya serikali ya Wahindi. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyekulia mjini humu, ameuandika upande ule katika kitabu chake cha hadithi kiitwacho Uhuru Street. Barabara hiyo zamani iliitwa Kichwele, nayo yatoka mjini yapita Kariakoo. Barabara ilipita pande zote mbili, lakini mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kiafrika waliokutana hapo asubuhi waliachana njiani, kila mmoja akienda kwenye kengele yake.

Kwa Waafrika palikuwa na shule chache za serikali. Shaaban Robert, mtunzi wetu mkubwa, alisoma Msimbazi miaka ya 1922 hata 1926. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka wa 1923 chini ya Idara ya Elimu, lilikuwa kama shule ya pili kwa waliokwisha kutoka darasani. Waislamu wa Kariakoo, kwa chama chao cha Al-Jamiatul Islamiyya kilichoanzishwa mwaka wa 1933, walijenga shule yao kwa kuchangishana. Sisi wa misheni tulikuwa na shule zetu. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama kutoka Kiungani, Unguja, kikaja Minaki karibu na Kisarawe katika miaka ya 1920, wakati tulipokuwa bado chini ya dayosisi ya Unguja. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na Mtakatifu Fransisko, Pugu, mahali ambapo misheni ya kwanza ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka wa 1888, ikavunjwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo vitabu vya yubilei havipendi kulisema. Misheni zilihubiri kwamba mbele za Mungu hakuna Mzungu wala Mhindi wala Mwafrika, na kwa Jumapili walijaribu kulitenda hilo. Jumatatu walifungua shule kwa mafungu yale yale ya serikali. Wako waliosema kwamba bila hivyo msaada wa fedha ungekatwa, na hiyo ni kweli. Wako waliosema kwamba mafundisho ya ukulima na ya mikono yalimfaa Mwafrika kuliko vitabu, na hiyo haikuwa kweli. Wazazi walijua hivyo, ndiyo maana waliwapeleka watoto mbali kutafuta Kiingereza. Hatuwahukumu wazee wetu, maana wengi wao walifundisha kwa mshahara mdogo na kufa hapa hapa. Twasema tu jinsi ilivyokuwa.

Baada ya vita vya pili watu waliongezeka upesi. Hesabu ya mwaka wa 1948 ilikuta watu 69,227 mjini. Ya mwaka wa 1957 ilikuta 128,742. Visima havikutosha tena. Ndipo karibu na mwaka wa 1950 maji ya mto Kizinga yakaanza kusafishwa Mtoni na kuletwa mjini, na mwaka wa 1959 ukafunguliwa mtambo wa Ruvu Juu, huko Mlandizi kwenye njia ya Morogoro. Hapo ndipo mto mkubwa ulipoanza kuunyweshea mji.

Katika miaka hiyo mpango wa mji nao uliandikwa upya. Mwaka wa 1949 Sir Alexander Gibb na wenzake, mafundi kutoka Uingereza, walitoa ramani kuu ya Dar es Salaam. Ndani yake maneno ya Uzunguni na Uhindini yaliachwa. Badala yake pakawa na maeneo ya watu wachache, maeneo ya watu wa kadiri, na maeneo ya watu wengi. Oyster Bay ikawa ya watu wachache. Upanga ya kadiri. Kariakoo, Ilala na Magomeni za watu wengi. Mwenye macho aliona kwamba ni mafungu matatu yale yale yaliyovaa kanzu mpya. Lakini kanzu hiyo ilidumu. Ramani ya mwaka wa 1968, iliyotengenezwa na wapima miji kutoka Kanada baada ya uhuru, na ile ya mwaka wa 1979, ziliendelea kuhesabu mji kwa wingi wa watu katika kiwanja, na fundi wa maji huanza kazi yake kwa hesabu hiyo: mtaa huu wapewa bomba nene, mtaa ule bomba jembamba, maana yakadiriwa kwamba watu wa huku hutumia maji mengi na wa kule kidogo. Wa kule hutumia kidogo kwa sababu hawana bomba. Basi hesabu huzunguka, na kila mzunguko huonekana kuwa sahihi.

Katika shule mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwalimu mmoja wa Pugu, Julius Nyerere, alikuwa akifundisha huku akiongoza chama cha TANU, kilichozaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955, alipokwisha kurudi kutoka Umoja wa Mataifa huko New York, aliacha kazi ya ualimu akaingia siasa kabisa. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Sheria ya elimu ya mwaka ule ikaondoa mafungu ya rangi, na tarehe 1 Januari 1962 shule zote zikawa chini ya mpango mmoja. Siku ishirini na tatu tu baada ya uhuru! Hatujui jambo jingine la utawala wa zamani lililoondoka upesi hivyo.

Kuondoka katika sheria si kuondoka katika dawati. Katika shule zilizokuwa za Wahindi na za Wazungu masomo yalikuwa kwa Kiingereza tangu darasa za chini. Mtoto wa Kariakoo aliyepokelewa huko aliijua hesabu asijue swali. Ada nazo zilibaki, mpaka zile za shule za sekondari zilipofutwa mwaka wa 1964. Hata hivyo kila mwaka watoto walizidi kuvuka Mnazi Mmoja. Mwaka wa 1969 serikali ilizichukua shule za misheni na za jamaa mbalimbali ziwe za taifa. Wengi wetu tuliumia kwa jambo hilo, na wengine wangali wanaumia. Lakini ni lazima kukiri kwamba lilimaliza kazi ambayo sisi wenyewe hatukuimaliza.

Sheria yaweza kumhamisha mtoto kwa asubuhi moja. Bomba limezikwa. Ruvu Chini ulifunguliwa mwaka wa 1976, na maji yake hupandishwa kwenye matangi ya kilima cha Chuo Kikuu kama yale ya Ruvu Juu yapandishwavyo Kimara. Lakini mji ulikuwa umekwisha kufika watu 843,090 mwaka wa 1978, na mwaka wa 2022 walihesabiwa 5,383,728. Sera ya maji ya mwaka wa 1991 iliweka kwamba watumiaji wachangie gharama. Mwaka wa 2003 kazi ya kugawa maji ikapewa kampuni ya watu binafsi, na mwaka wa 2005 serikali ikavunja mkataba ule. Katika ukame wa mwaka wa 2022 Ruvu ulipungua mno, maji yakagawiwa kwa zamu, na mitaa ikarudia kupanga vyombo usiku. Vyombo hivyo havikuwa madebe, vilikuwa madumu ya plastiki. Mwenye mzega alikuwa amekuwa mwenye mkokoteni. Baada ya ukame huo ndipo kazi ya bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miaka mingi, ilipoanza.

Kariakoo yenyewe imebadilika hata mzee aliyeondoka zamani hawezi kuijua. Nyumba za vyumba sita zimevunjwa, na mahali pake pamesimama ghorofa nyingi juu ya mitaa ile ile iliyopimwa na Wadachi kwa ajili ya nyumba za chini.

Pana jengo moja ambalo twapenda kulitaja, nalo ni soko jipya lililojengwa miaka ya 1970 mahali pa banda la Wadachi. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mwafrika, mmoja wa wachoraji wa majengo wa kwanza wa nchi hii. Paa lake alilifanya kama miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, ili mvua ikinyesha maji yateremke katikati na kuhifadhiwa chini. Sehemu yake iliungua Julai 2021. Wengi waliouza na kununua chini ya miavuli ile hawakujua kwamba mchoraji alikuwa amewafikiria habari ya maji. Katika ramani zote tulizozitaja, Kariakoo ilihesabiwa kama mahali pa kugawiwa maji kidogo. Amuli aliihesabu kama mahali ambapo mvua hunyesha.

Neno la mwisho ni kwa walimu wa shule zetu na wa mafundisho ya Jumapili. Wazee waliosoma kabla ya mwaka wa 1962 wamebaki wachache, nao huzikwa kila mwezi. Kabla ya mwaka wa yubilei haujaisha, kila parokia ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ichague wanafunzi watatu au wanne wenye mwandiko mzuri, wawaendee nyumbani, Waafrika na Wahindi na Waarabu pia, Wakristo na wasio Wakristo. Wawaulize: Mfereji wa mtaa wenu ulikuwa wapi, na ulifunguliwa saa ngapi? Mlilipa nini kwa debe? Shule ya kwanza uliyoiona ukaambiwa si yako ilikuwa ipi, na aliyekuambia ni nani? Siku ya kwanza ya kukaa na watoto wa rangi nyingine uliketi karibu na nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, pamoja na jina la mtaa na mwaka, bila jina la mtu asiyependa kutajwa, yakawekwe katika sanduku la parokia pamoja na vitabu vya ubatizo.